TUFUNGE KADI NDOGO ZA MKOPO, LAKINI TUZIFUNGE PAMOJA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme na ndugu wanachama juu ya kadi za mkopo za benki, hasa zile ndogo ambazo wengi wetu tulipewa tukiwa kazini. Mwezi uliopita vijana wa benki walikuja tena langoni pa karakana saa ya chakula cha mchana. Waliweka meza na mwavuli, wakagawa kofia na kalamu, na kabla king'ora cha kurudi kazini hakijalia watu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Jioni, katika mkutano wa tawi, ndugu mmoja akauliza: "Mimi ninayo kadi hiyo tangu zamani, na kila mwaka nalipa ada. Je, niifunge au niiweke?" Mwenyekiti akasema swali litajibiwa siku nyingine kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha. Mimi nataka kulijibu leo, maana ninayo kadi kama hiyo na nimeibeba miaka sita.

Mimi si mtaalamu wa mambo ya benki. Shule niliyosoma ni ya msingi tu, ya misheni, lakini kujumlisha na kutoa tulifundishwa vizuri, na katika jambo hili hesabu hiyo yatosha.

Kwanza tufahamu kitu chenyewe. Kadi ya kawaida ya benki hutoa pesa zako mwenyewe, na zikiisha imekwisha. Kadi ya mkopo hutoa pesa za benki, nawe huzirudisha baadaye. Ukilipa deni lote kabla ya siku iliyoandikwa katika taarifa ya mwezi, kwa vitu ulivyonunua hutozwi riba. Ukilipa kidogo kidogo, riba yaanza kuhesabiwa. Ukitoa pesa taslimu mashineni, watozwa siku hiyo hiyo.

Kadi yangu ina mpaka wa shilingi 20,000, wala sikupata kuongezewa. Ada yake ni shilingi 2,500 kila mwaka, niitumie nisiitumie. Riba ni shilingi tatu na nusu kwa kila mia, kila mwezi. Kutoa pesa taslimu ni shilingi tano kwa mia. Juu ya ada serikali nayo hutoza ushuru wake, lakini huo sikuutia katika hesabu yangu.

Sasa ndugu, tazameni. Ada ya 2,500 juu ya mpaka wa 20,000 ni shilingi 12 na senti 50 kwa kila mia, nawe hujakopa hata senti moja. Tuseme bwana mkubwa ana kadi yenye mpaka wa 200,000 na ada yake ni 5,000. Huyo hulipa shilingi 2 na senti 50 kwa kila mia. Kwa hiyo mwenye kadi ndogo hulipa mara tano ya mwenye kadi kubwa kwa kila shilingi anayoahidiwa. Jambo hili halikuandikwa kwenye ile karatasi yenye picha ya watu wanaocheka.

Katika miaka sita nimelipa ada ya shilingi 15,000. Kadi yenyewe nimeitumia mara tatu: mara moja hospitali, mara moja karo ya shule, na mara moja nilitoa pesa taslimu 5,000 za nauli ya kwenda kuzika, nikatozwa 250 papo hapo. Gawa 15,000 kwa tatu. Kila mara nilipoitumia kadi ile nililipa shilingi 5,000 za ada, na riba ni mbali. Sisi watu wa reli twajua kwamba behewa tupu likifungwa nyuma ya treni laendelea kula dizeli kila maili, ijapokuwa halikubeba kitu. Kadi yangu imekuwa behewa la namna hiyo.

Mtu akisoma mpaka hapa atasema, basi ifunge, maneno ya nini? Ndugu, si rahisi hivyo, na ningekuwa mwongo kama nisingewaeleza habari ya ile mara ya hospitali.

Ilikuwa tarehe 25 ya mwezi, mwaka wa pili tangu niipate kadi. Nilitoka zamu ya usiku nikakuta mtoto wetu mdogo anapumua kwa shida, mbavu zaingia ndani. Tulimpeleka hospitali iliyokuwa karibu, karani akatuambia tuweke shilingi 12,000 kwanza ndipo alazwe. Mfukoni nilikuwa na 700. Ndugu zangu niliowapigia simu walikuwa kama mimi, maana tarehe 25 ni tarehe 25 kwa kila mfanyakazi. Mkopo wa dharura wa ushirika wetu ulihitaji fomu na mdhamini, na ofisi ilikuwa imefungwa. Nikatoa ile kadi. Mtoto akalazwa, akapata hewa na dawa, na leo yuko darasa la tatu.

Deni lile nililipa 2,000 kila mwezi kwa miezi sita, na mwezi wa saba nikamaliza. Riba yote ilikuwa shilingi 1,700 na kitu. Sikulalamika, na hata leo silalamiki juu ya riba ile. Kwa sababu hiyo, kila nilipomwambia mke wangu kwamba kadi ile yatula, yeye hunijibu neno moja tu: "Baba watoto, na usiku mwingine kama ule ukija?" Mimi hunyamaza.

Nilijaribu kumjibu kwa hesabu. Nilimwambia kwamba kama ningeweka ada ile ushirikani, yaani kama shilingi 208 kila mwezi, kwa miaka sita ningekuwa na 15,000, na hizo zatosha kulipa hospitali 12,000 na kubakiza 3,000. Akaniuliza: "Mtoto aliugua mwaka wa sita?" Aliugua mwaka wa pili. Mwaka wa pili ningekuwa na 5,000 kwa wingi wake, na karani asingetupokea. Hapo ndipo nilipoona kosa la watu wanaotuambia kila siku tuweke akiba, tuweke akiba. Akiba ya mtu mmoja mwenye mshahara mdogo hukua polepole, na ugonjwa haungoji ikue. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu ndilo shina la maneno yangu.

Kabla ya hapo nijibu mambo mawili yanayosemwa na wale wasiotaka kufunga.

La kwanza, husema kwamba ukifunga kadi utaharibu jina lako, na siku ukitaka mkopo wa kununua shamba benki itakukataa. Maneno haya yametoka Marekani. Huko ndiko kadi hizi zilikoanzia. Mwaka 1958 Bank of America iliwapelekea watu wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta, na watu hao hawakuziomba. Huko kila mtu hupimwa kwa alama za mikopo, na katika alama hizo huangaliwa sana kama umelipa kwa wakati, deni lako ni kiasi gani kulingana na mpaka uliopewa, na umekuwa mkopaji kwa muda gani. Ukifunga kadi, mpaka wako wote hupungua, na deni la kadi nyingine huonekana kubwa zaidi. Kwa hiyo Mmarekani mwenye madeni ya kadi kadhaa ana sababu ya kufikiri kabla ya kufunga. Lakini hata huko kadi ndogo huhesabika kidogo, na historia ya akaunti iliyofungwa vizuri haifutwi siku ile.

Hapa Kenya tunazo kampuni tatu za kumbukumbu za mikopo zilizoruhusiwa na Benki Kuu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zinaandika mazuri na mabaya. Kufunga kadi isiyo na deni si kosa la kuandikwa. Kosa ni kutolipa. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawaujui, nao umempata mwenzetu mmoja wa kikosi cha njia. Yeye hakuifunga kadi yake wala hakuitumia; aliitia sandukuni, akahamishwa stesheni, akabadili namba ya simu. Ada ya mwaka ikaandikwa kama deni. Riba ikapanda juu ya ada, faini ya kuchelewa ikapanda juu ya riba. Mkopo usiolipwa siku 90 huhesabiwa kuwa mbaya, na tangu mwaka 2020 sheria yasema deni lisilofika shilingi 1,000 lisimfanye mtu aandikwe vibaya, lakini ada ya 2,500 imekwisha kupita hapo. Alipokwenda kuomba mkopo wa kujenga akaambiwa yeye ni mdaiwa sugu. Alilipa yote, lakini alama ya kushindwa kulipa hukaa miaka mitano baada ya deni kumalizwa. Basi anayesema ataitia kadi sandukuni tu, na ajue kwamba sandukuni nako inakula.

La pili, husema kwamba tukizifunga tutakimbilia mikopo ya simu, ambayo ni mibaya zaidi. Hili ni kweli, wala silipingi. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza shilingi 7 na senti 50 kwa mia kwa siku 30, na kadi yangu hutoza tatu na nusu kwa mwezi. Tangu Fuliza ilipokuja mwaka 2019 nawajua watu ambao mshahara wao hukatwa usiku ule ule unapoingia kwenye simu, hata asubuhi wanaanza kukopa tena. Anayefunga kadi ili aende kwenye simu ametoka mvuani akaingia mtoni. Afadhali aiweke kadi.

Pia wako watu ambao wafaa kuiweka kwa haki yao. Kama benki imekubali kukuondolea ada, iweke. Kama kila mwezi unanunua kwa kadi na kulipa deni lote kwa wakati, na faida unayopata yazidi ada, iweke. Na kabla hujafunga, nenda ukaombe ada iondolewe au kadi ibadilishwe iwe ya aina isiyo na ada, kuuliza hakulipiwi. Lakini mkono juu, ndugu: ni wangapi katika tawi letu hulipa deni lote kila mwezi?

Jambo jingine ambalo chama chetu lazima kilitazame ni hili. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema makato yote ya mshahara yasipite theluthi mbili, ili mfanyakazi apeleke nyumbani walau theluthi moja. Sheria hiyo ililetwa kutukinga. Lakini kadi ya mkopo haionekani katika karatasi ya mshahara, kwa hiyo sheria hiyo haiioni. Mtu ambaye mshahara wake umekwisha kukatwa mpaka mwisho, hata ofisi haimruhusu kukopa tena, ndiye anayetia sahihi langoni chini ya mwavuli. Theluthi yake ya mwisho, ile iliyolindwa kwa ajili ya unga na kodi ya nyumba, ndiyo inayowekwa rehani hapo.

Sasa narudi kwenye swali la mke wangu.

Nimesema akiba ya mtu mmoja hukua polepole. Lakini hebu tuhesabu ya watu arobaini. Tuseme wanachama arobaini wa tawi letu wenye kadi za namna hii wanazifunga, na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa mwezi, ambazo hazifiki hata ada anayoilipa sasa. Mwezi wa kwanza ni 8,000. Mwezi wa pili ni 16,000, nazo zapita zile 12,000 nilizotakiwa usiku ule. Mwezi wa tatu ni 24,000, nazo zaupita mpaka wa kadi yangu yote. Mwaka ukiisha ni 96,000. Pesa ni zile zile tunazoipa benki. Tofauti ni kwamba watu arobaini hawaugui usiku mmoja. Benki yalijua jambo hili, na ndiyo biashara yake. Sisi tumeligawanya jambo moja katika mifuko arobaini, kisha twashangaa kila mfuko haujai.

Wala hili si jambo geni kwetu. Wakati wa ukoloni wazee wetu hawakupewa mikopo ya benki. Sheria ya mwaka 1948 ilisema kwamba asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hawezi kudai kortini, isipokuwa mapatano yameandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Walifanya nini? Walitumia njia ya ushirika, ambayo sheria ya mwaka 1945 iliwafungulia. Wao walikatazwa mkopo; sisi twafuatwa nao mpaka langoni. Lakini dawa ni ile ile.

Kwa hiyo natoa shauri kwa halmashauri ya tawi, na naomba lijadiliwe katika mkutano ujao:

1. Uanzishwe mfuko wa dharura wa tawi, uandikishwe chini ya Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, au uwekwe ndani ya ushirika wetu kama ushirika utakubali kutoa pesa usiku na sikukuu.

2. Mfuko uwe wa ugonjwa na mazishi tu. Mkopo usizidi 20,000, na ulipwe kwa miezi sita kwa shilingi moja kwa mia kila mwezi. Kwa deni kama langu la 12,000, riba ya mwezi wa kwanza ingekuwa 120, nami nililipa 420.

3. Watia sahihi wawe watatu, wa zamu mbalimbali, ili usiku wowote wawili wapatikane. Daftari lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Hili msilidharau. Fedha za watu wengi hupotea kwa kukosa daftari kuliko kwa wizi, na kisha wizi hufuata.

4. Chama kiwaambie wenye kazi kwamba benki yoyote isiruhusiwe langoni bila kubandika ubaoni, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ada yake ya mwaka, riba yake na faini zake.

Na yule anayetaka kufunga, afunge hivi. Usifunge kabla hujapata pa kukimbilia. Angalia mwezi ambao ada huandikwa, ufunge mwezi mmoja kabla. Lipa deni lote, kisha uliza kama kuna riba iliyobaki ya siku chache, maana hiyo ndiyo huachwa ikakua. Kama umeweka malipo ya kila mwezi kwa kadi hiyo, yaondoe. Andika barua ya kufunga, upeleke mwenyewe, upigiwe muhuri kwenye nakala yako. Dai barua ya benki yenye kusema huna deni na akaunti imefungwa, uihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kadi uikate mbele ya karani. Baada ya miezi miwili au mitatu omba taarifa yako kutoka kampuni ya kumbukumbu. Mara moja kwa mwaka ni haki yako kuipata bure. Ukikuta kosa, lalamika kwa barua.

Mwisho, tusijidanganye. Kadi hizi zaingia mifukoni mwetu kwa sababu mshahara huisha tarehe 18 na mwezi una siku 30. Mfuko wa dharura hautaondoa jambo hilo. Hilo ni kazi ya meza ya mapatano, na viongozi wetu wasije wakasema kwamba wanachama wamepata mfuko na kwa hiyo nyongeza ya mshahara yaweza kungoja.

Kwa habari yangu mwenyewe, kadi sijaifunga bado. Ada yangu huandikwa mwezi wa Machi. Ushirikani nimeweka akiba ya pembeni shilingi 9,000, na mke wangu amesema zikifika 12,000 atanipa mkasi kwa mkono wake. Lakini nimemwambia kwamba ndugu arobaini wakikubali, mkasi utatoka mapema.

Ndugu wanachama, leteni maoni yenu mkutanoni. Umoja ni nguvu.

Mimi, wenu katika kazi,
Mwanachama wa Karakana